Jishambulie Mwenyewe Kwanza: Mwongozo Kamili wa Mazoezi ya Udukuzi kwa Ofisi za Nairobi

Ofisi nyingi za Nairobi zina kinga za kununua. Programu ya kuzuia virusi imelipiwa, fayawoli inamulika taa za kijani kwenye chumba cha seva, na kila mwajiriwa alitia sahihi sera ya usalama siku aliyoripoti kazini. Lakini Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa 10:40 jioni, mhasibu akiona faili zake zimebadilika majina na hazifunguki, atampigia nani? Na huyo atakayepigiwa ana mamlaka ya kuzima seva bila kuomba ruhusa ya mtu? Njia ya uhakika ya kujua ni kujifanya mshambulizi, kwa mpango na kwa ruhusa, kisha kutazama kitakachotokea.

Mwongozo huu ni wa yule anayesimamia aiti katika shirika la wastani: sacco, shule, hospitali ndogo, kampuni ya usafirishaji kule Industrial Area. Mfano nitakaoutumia ni sacco ya wafanyakazi 80 yenye ofisi kuu mjini na matawi mawili. Msimamo wangu niuseme mapema: zoezi zuri hupima muda unaopita tangu mtu wa kwanza aone jambo hadi habari imfikie anayeweza kuchukua hatua. Idadi ya waliobofya kiungo huja baadaye, na mara nyingi hupotosha.

Hatua ya 1: Chagua swali moja

Wauzaji watakuletea vifaa kwanza. Waache wasubiri. Keti na mhasibu mkuu, meneja wa shughuli na mtu wa aiti, mwulizane: ni jambo gani likitokea leo, kesho hatufungui milango? Kwa sacco, majibu hayaendi mbali. Pesa za wanachama zihamishwe na mtu aliyejifanya mfanyakazi. Mfumo wa mikopo ufungwe na programu ya kudai fidia. Nambari za vitambulisho, nambari za simu na hati za mishahara za wanachama zivuje.

Chukua moja tu, uliandike kama swali ambalo jibu lake ni ndiyo, hapana, au idadi ya dakika. "Mtu akimpigia keshia na kujiita wa aiti, atapewa nywila?" "Tukipoteza seva ya mikopo saa 3 asubuhi, itarudi saa ngapi?" Swali kama "je, tuko salama?" halina jibu, na zoezi lisilo na swali huishia kuwa onyesho la mtaalamu.

Kuna pia shambulio ambalo haliingii ndani hata kidogo. Julai 2023 mtandao wa eCitizen, unaotoa huduma za serikali, ulifurikishwa kwa maombi ya uongo hadi huduma zikakwama, na kundi linalojiita Anonymous Sudan likajitangaza kuwa ndilo lililohusika. Mwananchi aliyekwama hakuwa na haja ya kujua kama kuna data iliyoibwa. Alichojua ni kwamba huduma haipatikani. Kwa ofisi yako swali ni: njia ya kupokea malipo ikizima kutwa nzima, marejesho ya mikopo yataandikishwaje? Hilo liulizwe mezani tu. Usijaribu kufurikisha mtandao wako mwenyewe, kwa maana waya huo mnautumia na majirani wa jengo zima.

Hatua ya 2: Ruhusa kwa maandishi

Hapa ndipo vijana wengi wenye kipaji hujiponza. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 kinatoa adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, kwa anayeingia kwenye mfumo bila idhini. Kuwa mwajiriwa wa aiti hakukupi idhini ya kufungua sanduku la barua pepe la mkurugenzi ili kuthibitisha kwamba linafunguka.

Na idhini yenyewe lazima itoke kwa mwenye kitu. Septemba 2019 wataalamu wawili wa kampuni ya Coalfire walikamatwa usiku ndani ya mahakama ya kaunti ya Dallas, jimbo la Iowa, Marekani. Walikuwa na mkataba na idara ya mahakama ya jimbo wa kujaribu usalama wake, ila mkuu wa polisi wa kaunti alishikilia kwamba jengo ni la kaunti na jimbo halina uwezo wa kumruhusu mtu kuliingia usiku. Wakalala rumande, na mashtaka hayakufutwa hadi Januari 2020.

Sasa fikiria ofisi yako. Kama mmepanga orofa ya tano Upper Hill, mlango wa ofisi ni wenu, lakini lifti, mapokezi ya chini na soja wa getini ni wa mwenye jengo. Mfumo wa mikopo huenda unaendeshwa na kampuni nyingine kwenye seva zake. Huduma ya pesa kwa simu ni ya kampuni ya simu. Simu ya mkononi ya mfanyakazi ni yake binafsi. Mkurugenzi wako hawezi kuidhinisha jaribio juu ya chochote kati ya hivyo peke yake.

Barua ya ruhusa itiwe sahihi na mkurugenzi, na mwenyekiti wa bodi apewe nakala. Ukurasa mmoja unatosha, mradi una haya:

- mifumo, majengo na akaunti zinazoguswa, kwa majina, na zile zisizoguswa kamwe;
- tarehe na saa za kuanza na kumaliza;
- mbinu zilizokatazwa (kufuta data, kuhamisha pesa halisi, kugusa vifaa binafsi);
- namna data za wafanyakazi zitakavyohifadhiwa na lini zitafutwa, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu wao pia;
- majina ya watu wawili watakaopokea simu saa yoyote, pamoja na neno la kusimamisha zoezi.

Anayefanya jaribio atembee na nakala ya karatasi. Iliyo kwenye simu iliyozima chaji haimsaidii mbele ya soja.

Hatua ya 3: Anzia mezani

Zoezi la mezani halihitaji programu yoyote, ila chumba, saa mbili, chai na mandazi. Ndilo la bei rahisi kuliko yote, na kwa maoni yangu shirika ambalo halijalifanya halina sababu ya kulipia kitu kingine.

Waite watu wasiozidi 10: mkurugenzi, mhasibu, aiti, rasilimali watu, mwanasheria, anayezungumza na wanachama, na meneja wa tawi moja. Mwongozaji mmoja anasoma tukio kipande kwa kipande. Kwa kila kipande, kila mtu aeleze atakachofanya, kwa simu gani, kwa idhini ya nani. Jibu la "tungewasiliana na wahusika" halipokelewi.

Haya ni matukio unayoweza kuyachukua yalivyo:

Ijumaa saa 10:40 jioni. Afisa wa mikopo anaona kila faili imeongezwa herufi asizozijua. Amempigia aiti, simu haipokelewi. Yuko kwenye matatu, Thika Road.

Saa 11:05. Ujumbe unatokea kwenye skrini tatu ukidai fidia. Meneja wa tawi anauliza kama azime kompyuta.

Saa 12:30. Mwanachama ameweka picha ya ile skrini mtandaoni. Mwandishi wa habari anapiga simu mapokezi.

Jumamosi saa 2 asubuhi. Inabainika kwamba nakala rudufu ya juzi nayo haifunguki.

Kwenye kipande cha kwanza tu utaona mambo. Mwambie mkurugenzi: "Mpigie msimamizi wa mfumo wa mikopo sasa hivi." Atafungua laptopu kutafuta nambari. Orodha ya simu za dharura iko kwenye folda ya pamoja, na folda hiyo, kwa mujibu wa zoezi, imefungwa. Mkomeshe hapo. Karatasi moja iliyobandikwa ndani ya droo ya mapokezi ni tiba ya shilingi 10.

Kipande cha picha mtandaoni kina uzito wa kisheria, basi kipe muda. Data za watu zikivuja na kuwapo hatari ya kweli kwao, Kamishna wa Data anapaswa kujulishwa ndani ya saa 72. Ile sheria ya 2018 nayo, kifungu cha 40, inataka Kamati ya Kitaifa ya Kuratibu Masuala ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ijulishwe ndani ya saa 24. Uliza: nani anaandika barua hizo, nani anatia sahihi, na saa inaanza kuhesabiwa lini? Wasimamizi wengi hudhani ni kazi ya mwanasheria, naye mwanasheria hudhani aiti keshafanya. Rasimu zote mbili ziandikwe siku hiyohiyo ya zoezi, zikiwa na nafasi za kujaza, ziwekwe kwenye droo pamoja na ile orodha.

Hatua ya 4: Barua pepe ya hadaa, na simu

Kwa barua pepe, Gophish ni programu huria inayotosha kwa shirika la ukubwa huu. Unaiweka kwenye seva ndogo, unasajili anwani ya mtandao inayokaribiana na yenu, unaingiza orodha ya wafanyakazi, unatuma. Kabla ya kutuma, hakikisha chaguo la kunasa nywila limezimwa. Unachotaka kujua ni kwamba mtu ameandika kitu na kubonyeza. Nywila yenyewe huihitaji, na ukiihifadhi umejitengenezea hazina ya kuibwa.

Sasa ujumbe wenyewe. Desemba 2020 kampuni ya GoDaddy ya Marekani iliwatumia wafanyakazi wake barua ya majaribio iliyowaahidi bonasi ya sikukuu ya dola 650. Ulikuwa mwaka wa korona, watu wamebanwa. Waliobofya wakaambiwa wamefeli mtihani, na kampuni ikaishia kuomba radhi. Mdukuzi wa kweli hana haya, ndiyo, lakini wewe utaendelea kufanya kazi na watu hawa. Kwa Nairobi ningeongeza marufuku zangu: usitumie mishahara, usitumie kupunguzwa kazini, usitumie mchango wa matanga wala bili ya hospitali. Wiki ijayo kutakuwa na msiba wa kweli, na hutaki ofisi nzima iutilie shaka. Nembo za KRA, benki au kampuni ya simu usiziguse. Hukupewa idhini nazo.

Ujumbe wa kero ndogo za kila siku unatosha:

*Mada: Nafasi za maegesho kuanzia Jumatatu*
*Habari za asubuhi. Baada ya mazungumzo na mwenye jengo, nafasi za maegesho zitagawanywa upya. Thibitisha nambari ya gari lako hapa kabla ya saa 6 mchana leo. Ambaye hatathibitisha atahesabiwa kuwa hana gari.*

Dalili zimo: hakuna jina la mwandishi, kuna haraka, na anwani imepungukiwa herufi moja. Tuma kwa watu 80 Jumanne saa 4 asubuhi, kisha ushike saa. Andika dakika ya taarifa ya kwanza, idadi ya waliotoa taarifa, dakika ambayo aiti imeondoa barua hiyo kwenye masanduku yote. Tuseme 12 wamebofya, lakini mmoja ametoa taarifa dakika ya 4 na barua imeondolewa dakika ya 15. Ofisi hiyo ina afya kuliko ile ambayo watatu wamebofya na hakuna aliyesema neno hadi jioni.

Utaona pia kwamba taarifa nyingi haziendi kwenye ile anwani rasmi ya kuripoti. Zinaenda kwenye grupu la WhatsApp la ofisi: "Jamani hii ya maegesho ni ya ukweli?" Wakaguzi huchukia hilo. Mimi nasema ihesabiwe kuwa taarifa, na mtu wa aiti aingizwe kwenye grupu hilo akiwa na kazi ya kujibu. Njia ambayo watu wanaitumia tayari ina thamani kuliko kitufe ambacho hakuna anayekikumbuka.

Barua pepe ni nusu tu ya mambo. Mtu yeyote mwenye simu hapa mjini amewahi kupigiwa na tapeli, basi jaribu simu pia. Mtu asiyejulikana sauti apigie aiti: "Habari kaka, ni mimi wa mikopo, niko tawini. Nimebadilisha simu, ile code ya kuthibitisha hainifikii. Nibadilishie nambari chap chap, nina mwanachama amesimama hapa." Jibu sahihi ni kukata simu na kupiga nambari iliyo kwenye orodha ya rasilimali watu. Wengi husaidia kwanza, kwa sababu kusaidia ndiyo kazi yao na mpigaji ana adabu. Ukipata tokeo hilo, tatizo si huyo kijana wa aiti. Hakuna mtu aliyewahi kumwandikia kwamba anaruhusiwa kukataa, hata mpigaji akijiita mkurugenzi.

Upande wa fedha, tuma barua ya "msambazaji" anayetaka malipo yaelekezwe kwenye akaunti mpya. Buni jina la msambazaji, na mhasibu mkuu ajue ili azuie malipo mwishoni mwa njia. Angalia kama karani atapiga simu kuthibitisha, na kama atatumia nambari ya zamani iliyo kwenye faili au ile iliyoandikwa kwenye barua.

Hatua ya 5: Jaribu mitambo

Faili ya EICAR ni mstari wa herufi 68 usio na madhara yoyote, ambao programu za kuzuia virusi zimekubaliana kuutambua kama virusi. Iweke kwenye kompyuta tatu: moja ofisi kuu, moja tawini, na laptopu ya meneja ambaye haonekani ofisini. Kengele italia, karibu hakika. Unachofuatilia ni imelilia wapi. Si ajabu kukuta tahadhari zinatumwa kwa anwani ya mtu aliyeacha kazi zamani.

Baada ya hapo fungua ATT&CK, orodha ya mbinu za wadukuzi inayotunzwa na shirika la MITRE. Kila mbinu ina nambari: hadaa ni T1566, kufunga data ili kudai fidia ni T1486. Mkusanyiko huria wa Atomic Red Team una majaribio madogo yaliyopangwa kwa nambari hizo. Chagua matano yanayogusa swali lako la hatua ya kwanza, yaendeshe kwenye kompyuta ya majaribio isiyo na data, na usome jinsi ya kusafisha kabla ya kuanza. Kwa kila moja andika: limezuiwa, limeonekana bila kuzuiwa, au limepita kimya.

Nakala rudufu usizikague kwa kutazama ripoti yenye alama ya tiki. Chukua folda moja ya mikopo, irejeshe kwenye mashine nyingine, umwite afisa wa mikopo athibitishe kwamba mkopo wa Alhamisi iliyopita umo. Hesabu muda tangu uombe hadi aseme ndiyo. Na kama diski ya nakala imechomekwa kwenye seva ileile usiku na mchana, programu ya kudai fidia itaifunga pamoja na seva.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Februari 2016 wezi walituma maombi ya karibu dola bilioni 1 kutoka akaunti ya Benki Kuu ya Bangladesh iliyoko New York. Walianza Alhamisi usiku, mkesha wa wikendi ya Bangladesh. Printa iliyopaswa kuchapa kumbukumbu za miamala haikufanya kazi, na wafanyakazi wakadhani ni hitilafu ya kawaida. Dola milioni 81 ziliishia Manila. Kwa hiyo mkirudia zoezi mara ya pili na ya tatu, usilifanye Jumanne asubuhi. Lifanye siku moja kabla ya Pasaka, au mkesha wa Mashujaa, 20 Oktoba, au ile wiki ya Desemba ambapo nusu ya ofisi iko ushago. Halafu waulize watu wa ofisi kifaa gani kwao kikiharibika huchukuliwa kuwa jambo la kawaida.

Mbali na mkurugenzi na mwenyekiti, wanaojua kuhusu zoezi wasizidi watatu. Mmoja wao akae na wanaoshambuliwa, bila kusema, akiandika saa na tukio. Likitokea jambo ambalo halimo kwenye mpango, neno la kusimamisha litajwe mara moja, na kila mtu aamini kwamba hilo ni shambulio la kweli hadi ithibitishwe vinginevyo. Wahalifu hawajui kalenda yako.

Hatua ya 7: Ripoti na marekebisho

Ripoti itoke ndani ya wiki moja, kabla watu hawajaanza kukumbuka mambo kwa namna inayowafaa. Kwa bodi, ukurasa mmoja: swali lilikuwa nini, jibu ni nini, mambo matatu ya kurekebisha, jina na tarehe mbele ya kila moja. Kwa aiti, maelezo yote.

Majina ya waliobofya yabaki kwa mwongozaji. Najua mameneja wanaotaka barua za onyo zitolewe. Wakiandika hata moja, zoezi linalofuata halitakuwa na taarifa za mapema, kwa maana aliyebofya atafunga laptopu na kunyamaza. Ongea na mtu faraghani, umwulize alichokiona kwenye skrini. Mara nyingi atakuambia kwamba kwenye simu anwani ya mtumaji haionekani yote, na hilo linarekebishika.

Mkiajiri kampuni ya nje, iombeni mfano wa ripoti, majina ya watakaofanya kazi yenyewe, na kama bei inajumuisha kurudia jaribio baada ya marekebisho. Kuna wanaoendesha programu ya kukagua udhaifu usiku mmoja, wakachapisha kurasa 90 zilizotoka kwenye mashine na kukuuzia kwa jina la jaribio la kupenya. Ukurasa unaoeleza "tulianza hapa, tukapita hapa, tukafika kwenye hifadhidata ya wanachama" ndio wa kulipia.

Panga mezani mara mbili kwa mwaka, hadaa kila robo mwaka, mitambo kila mnapobadilisha kitu kikubwa. Na mkirudia zoezi ambalo tayari mmelirekebisha, mpeni likizo msimamizi wa aiti, simu yake mkaizime, muone kama marekebisho yanafanya kazi bila yeye.